Jumapili ni siku nzuri ya kuweka akiba

Wahenga walisema akiba haiozi, na sisi tumelipokea neno hilo bila ubishi. Lakini kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasimulia akiba iliyooza usiku mmoja. Wana wa Israeli walikuwa jangwani wakiishi kwa mana iliyoanguka kila alfajiri, pishi moja kwa kila kichwa. Musa aliwakataza kubakiza hadi asubuhi. Wapo waliobakiza, kwa hofu tu kwamba kesho huenda isije, na kulipokucha mana yao ilikuwa imejaa mabuu na inanuka.

Mahubiri mengi huishia hapo: mtegemee Mungu, usijilimbikizie. Ni mahubiri ya kweli, ila yameishia njiani. Sura hiyohiyo inaendelea kusimulia kwamba siku ya sita watu waliokota maradufu, pishi mbili kwa kila mtu, wakaagizwa wapike na kuweka ya kesho, kwa kuwa siku ya saba ni ya kupumzika na mana haitaanguka. Wakaiweka, na safari hii haikuoza. Ilikuwa mana ileile, ndani ya mahema yaleyale. Ya kwanza iliwekwa kwa woga; ya pili iliwekwa kwa utii, kwa ajili ya siku inayojulikana na haja inayojulikana. Wale waliotoka siku ya saba kwenda kutafuta hawakuambulia kitu.

Nimeanza na mana kwa sababu ya swali ambalo Wakristo wenzangu huliuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi nje ya kanisa baada ya ibada: je, kuweka akiba si dalili ya kukosa imani? Wanaouliza ni watu wema kabisa. Ni mama anayetoa fungu la kumi bila kukosa, na bado kila Januari anakopa ili watoto wapate sare na madaftari. Ni kijana wa kwaya aliyechangia harusi za nusu ya wenzake, na siku baba yake alipofariki akatafuta nauli ya kwenda kuzika kwa kupiga simu moja baada ya nyingine. Si wabadhirifu hawa. Hawalewi, hawachezi kamari. Wamefundishwa kutoa tangu shule ya Jumapili, na wamefundishika. Hakuna aliyewafundisha kuweka.

Anayepinga akiba kwa Maandiko hukimbilia Luka sura ya 12, kwa yule tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaamua kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, na usiku uleule akadaiwa roho yake. Hebu tusikilize anavyojisemea. Kila kitu ni chake: mazao yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Katika mpango wake wote hamna mke, hamna mtoto, hamna kibarua aliyemlimia, hamna jirani. Shamba lilizaa kwa mvua ambayo hakuinyesha yeye, naye akaona mwisho wa baraka hiyo ni kula, kunywa na kustarehe peke yake. Yesu hakumwita mpumbavu kwa kuwa na ghala. Alimwita mpumbavu kwa kujiwekea nafsi yake huku kwa Mungu akiwa mtupu.

Na ghala nyingine ipo, tena kubwa kuliko ya tajiri huyo. Ni ya Yusufu huko Misri, katika Mwanzo sura ya 41. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza: miaka saba ya neema, sehemu ya tano ya mavuno iwekwe kila mwaka, na chakula cha mashamba yanayouzunguka mji kihifadhiwe ndani ya mji huohuo. Watu waliishi kwa sehemu nne zilizobaki. Ukifanya hesabu utaona kwamba Yusufu hakuahidi miaka saba ya njaa iliyo sawa na miaka saba ya shibe. Aliahidi kwamba watu hawatakufa. Akiba mara nyingi kazi yake ni hiyo tu, na hiyo si kazi ndogo.

Tunapenda kuisimulia habari ya Yusufu hadi pale anapojitambulisha kwa ndugu zake na kulia. Sura ya 47 husomwa kwa haraka, nayo ndiyo ningependa kila mwenye familia aisome polepole. Njaa ilipozidi, Wamisri walileta fedha zao zote kununua nafaka. Fedha zilipokwisha, wakaleta farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na punda. Mwaka uliofuata hawakuwa na kitu isipokuwa ardhi na miili yao, wakaviuza vyote viwili. Wakawa watumwa wa Farao, wakilima ardhi iliyokuwa yao jana, na kumpelekea sehemu ya tano ya mavuno. Walikuwa hai, na walimshukuru Yusufu kwa kuwaokoa. Lakini ghala lilikuwa la Farao. Mwenye ghala ndiye aliyepanga masharti.

Hayo hayakuishia Misri. Mitaani kwetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Mwanza, akina mama wanaijua mikopo iliyopewa jina la kausha damu. Mkopo hutolewa kwa haraka, marejesho ni ya kila wiki, pengine ya kila siku, na riba ni ya kutisha. Ukikosa rejesho moja, wenzako wa kikundi au watu wa mkopeshaji wanafika nyumbani, na kinachoanza kutoka ni televisheni, halafu friji, halafu makochi, hadi meza ya biashara yenyewe. Mfuatano ni uleule wa Mwanzo 47: fedha, kisha mali, kisha chombo cha kazi, kisha mtu mwenyewe, maana yupo anayelihama jiji usiku kukwepa aibu. Katika siku za Nehemia pia watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu yao na kuwatia watoto wao utumwani, na Nehemia alikasirika hadi akawaita wakopeshaji mbele ya mkutano na kuwataka warudishe. Kanisa lina haki na wajibu wa kukasirika hivyo. Lakini pamoja na hasira, tukubali kwamba wengi walioingia katika mikopo hiyo waliingia kwa dharura ya shilingi 100,000 au 200,000: mtoto kulazwa, kodi ya chumba, mtaji uliokatika. Akiba ya kiasi hichohicho ingetosha kuufunga mlango huo.

Basi mtu asiye na ziada aanze vipi? Jibu ninaloliamini liko katika barua ambayo wengi hatuisomi kama fundisho la fedha za nyumbani. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Badala ya kungoja afike awapigie harambee, aliwataka kila siku ya kwanza ya juma kila mmoja wao aweke kando kitu nyumbani kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili atakapofika pasiwe na mbio za kuchangisha. Ni kweli kwamba fedha ile haikuwa akiba ya familia. Ilikuwa sadaka kwa wenye njaa. Ila utaratibu wenyewe ni wa mtu anayeijua tabia ya binadamu. Siku ni moja, haibadiliki. Kila mmoja anahusika, si tajiri peke yake. Inaanzia nyumbani. Kiasi kinafuata mapato, kwa hiyo wiki mbaya haimwaibishi mtu. Na inafanyika kabla ya haja, si baada ya haja kugonga mlango.

Mkristo wa Afrika Mashariki ana utaratibu huu tayari na hajui kwamba anao. Jumamosi usiku anatenga noti ya sadaka, anaiweka ndani ya Biblia au kwenye bahasha yenye namba yake. Hata wiki ambayo mboga ilikuwa ya shida, bahasha ile haikukosa kitu. Huo ndio msuli wa kuweka akiba. Mtu anayeweza kutenga sadaka Jumapili 52 kwa mwaka hana upungufu wa nidhamu. Anachohitaji ni bahasha ya pili, usiku uleule, kwa mkono uleule, yenye jina la kazi yake juu: ada, matibabu, paa, mtaji, mama kijijini.

Chukua muuza vitumbua anayefanya kazi siku sita. Akitenga shilingi 1,000 kila siku ya kazi, Jumamosi anazo 6,000. Kwa mwaka ni 312,000. Dereva wa bodaboda akitenga 2,000 kwa siku hizohizo sita anafikisha 624,000. Hakuna kati yao atakayeitwa tajiri, lakini Januari yao itakuwa nyingine. Kwa mwenye mshahara mambo ni mepesi zaidi: aiagize benki ikate kiasi fulani siku ileile mshahara unapoingia, kabla hajauona. Kiasi gani? Yusufu alichukua moja ya tano, lakini alikuwa akivuna miaka ya neema kupindukia. Wewe anza na kiasi ambacho hakitakufanya ukitamani Jumatano. Ni afadhali 500 ya kila wiki kwa mwaka mzima kuliko 50,000 ya mwezi mmoja inayotolewa mwezi unaofuata. Tabia ikishika mizizi, kiasi kitakua chenyewe.

John Wesley, mwanzilishi wa vuguvugu la Wamethodisti, aliliona jambo hili kwa namna inayonigusa sana. Alipokuwa mwalimu kijana Oxford mapato yake yalikuwa pauni 30 kwa mwaka. Aliishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60, akaendelea kuishi kwa 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, wa nne 120, na bado matumizi yake yakabaki pauni 28. Iliyobaki ikaenda kwa maskini. Wesley hakuwa akijaza akaunti, na alipohubiri juu ya kubana matumizi lengo lake lilikuwa kutoa zaidi. Ninachokichukua kwake ni ule ukomo. Aliamua mapema maisha yake yanagharimu kiasi gani, na ongezeko la mapato halikuongeza kitu mezani kwake. Wengi wetu hatuweki akiba si kwa sababu kipato hakijawahi kupanda. Kilipanda, na siku kilipopanda tulibadilisha simu.

Baada ya Wesley alikuja mchungaji mwingine ambaye jina lake halijulikani sana huku kwetu, Henry Duncan wa parokia ya Ruthwell, kusini mwa Scotland. Waumini wake walikuwa vibarua na wakulima wadogo. Benki za wakati ule zilitaka pauni 10 kumfungulia mtu akaunti, fedha ambayo kibarua asingeiona pamoja maisha yake yote. Mwaka 1810 Duncan alifungua benki ya akiba iliyopokea kuanzia peni 6. Mwaka wa kwanza ilikusanya pauni 151, senti za watu ambao hakuna aliyeamini kwamba wanaweza kuweka. Sanduku lake la fedha lilikuwa na kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, lisifunguliwe hadi wote watatu wawepo. Duncan hakutaka maskini wa parokia yake waishi kwa kutegemea misaada. Aliona kwamba mtu mwenye akiba yake, hata iwe ndogo namna gani, anasimama tofauti mbele ya mwajiri na mbele ya mwenye nyumba.

Msomaji aliyewahi kuwa mwanachama wa kikoba ameshalitambua sanduku hilo. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa tunaoufahamu leo ulianzia Maradi nchini Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, ukasambaa hadi huku, na nao unatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Kila mwanachama hununua hisa kati ya moja na tano katika kila kikao, kwa bei iliyokubaliwa na wote. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa. Fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote, na katika vikundi vinavyofuata utaratibu vizuri wanachama hukariri salio kabla ya kuondoka. Katika kikao kinachofuata hukumbushana salio hilo kabla ya sanduku kufunguliwa. Mama asiyejua kusoma analindwa na kumbukumbu yake na ya wenzake. Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya alichoweka mtu, na riba inarudi kwa wanachama wenyewe siku ya kugawana. Sheria ya Musa ilipokataza kumtoza riba ndugu maskini, ilimlinda mnyonge asinyonywe na mwenye nguvu. Riba ya kikoba, inayozunguka na kurudi kwa aliyeitoa, siioni kuwa ndani ya katazo hilo, ilimradi kikundi kisimgeuke mwenzao aliyefiwa au aliyeugua na kumnyang'anya.

Usharika au jumuiya ndogo ndogo ni mahali pazuri sana pa kikoba, kwa sababu watu wanafahamiana hadi nyumbani na wanakutana kila wiki hata hivyo. Kiandikishwe halmashauri, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe. Na nina ombi kwa viongozi wa vikoba. Vikundi vingi huvunja mzunguko wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba. Akiba ya mwaka mzima inaingia mkononi Krismasi ikiwa mlangoni, nauli za kwenda kwao zimepanda, nguo mpya zinaitwa kwa majina ya watoto. Ikifika tarehe 5 Januari hakuna kitu. Sogezeni siku ya kugawana hadi shule zinapokaribia kufunguliwa. Krismasi itasherehekewa kwa pilau ileile, na ada itakuwepo.

Makanisa yamekuwa na mkono katika mambo haya kwa muda mrefu. Chama cha kwanza cha akiba na mikopo barani Afrika kinatajwa kuwa kile kilichoanzishwa Jirapa, kaskazini mwa Ghana, mwaka 1955 kwa juhudi za Padri John McNulty. Hapa Tanzania, Kanisa Katoliki lilianzisha Mkombozi Commercial Bank mwaka 2009, na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) ikafuata na Maendeleo Bank mwaka 2013. Taasisi tunazo. Ila benki ya kanisa haimfundishi mtu kuweka akiba kama mimbari ya kanisa haifundishi.

Na mimbari inapokaa kimya, wengine huzungumza. Tusisahau DECI. Kati ya mwaka 2007 na 2009 maelfu ya Watanzania, wengi wao waumini, walipeleka fedha zao katika mpango ulioendeshwa na watu ambao miongoni mwao walikuwepo wachungaji. Lugha yenyewe ilikuwa ya kanisani: ukiweka fedha unapanda mbegu, zikirudi na nyongeza unavuna. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Mavuno ya waliotangulia yalitoka kwenye mbegu za waliofuata. Hapakuwa na shamba. Walioumia zaidi walikuwa wale waliotoa kidogo walichokuwa wamekidunduliza kwa miaka, wakakipeleka kwa sababu walisikia maneno ya Biblia. Hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa kila mwaka inakuja DECI nyingine kwa jina jipya, siku hizi kupitia makundi ya simu, nayo inaanza kwa salamu ya Bwana Yesu asifiwe. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba mali ya haraka hupungua na anayekusanya kidogo kidogo huongezewa. Mpango wowote unaoahidi kuzalisha fedha mara mbili ndani ya wiki chache umejipinga wenyewe mbele ya mafundisho hayo, hata anayeutangaza awe nani.

Kuhusu mahali pa kuweka, nina maneno machache. Kibubu kinafaa kuanzia, hasa kwa watoto. Hakifai kuwa mwisho. Yesu alitaja nondo, kutu na wezi, na nyumba zetu zinavyo vyote, pamoja na mchwa. Mwaka 2025 tulijifunza hatari nyingine: Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa katika mzunguko noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na ikatoa nafasi ya kuzibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5. Baada ya siku hiyo, noti hizo zikakoma kuwa fedha halali ya malipo. Tena bei hazingoji: kwa mfumuko wa asilimia 3, kama ule wa miaka ya karibuni, laki moja iliyolala mwaka mzima chini ya godoro inaamka ikiwa na nguvu ya kununua ya kama 97,000. Fedha ya dharura ikae mahali inapofikika ndani ya siku moja, kwenye benki au simu. Ile ya ada na paa ikae mahali panapokupa shida kidogo kuitoa, SACCOS kwa mfano, au katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo haihitaji mtu kuwa tajiri ili ajiunge. Ugumu wa kuitoa ndio unaoilinda na jioni ya Ijumaa.

Lakini akiba haiharibiwi na matumizi ya anasa peke yake. Kwa watu wa kanisa huharibiwa zaidi na mambo mema. Kuna kadi ya harusi, kuna kitchen party na send-off, kuna ujenzi wa jengo la usharika, kuna mnada wa mavuno ambapo kuku mmoja anauzwa mara nne, kuna gari la mchungaji. Kila mchango una hoja yake na kila mwenye kuchangisha ana uso unaoufahamu. Nitasema jambo ambalo huenda lisipendeze. Katika Marko sura ya 7 Yesu aliwakemea walimu wa dini waliomruhusu mtu kuitangaza mali yake kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo asiwasaidie nayo baba na mama yake. Hakulisifia tendo hilo kuwa la imani kubwa. Aliliita kulitangua neno la Mungu. Ahadi ya ujenzi iliyolipwa kwa fedha ya dawa za presha za mama mzazi iko karibu sana na Korbani. Mzee wa kanisa anayempelekea mjane bahasha ya tatu kwa mwezi mmoja na aisome sura hiyo kabla ya kubisha hodi.

Hii haina maana kwamba aliye na akiba afunge mkono. Anayeweka vizuri huwa mtoaji mzuri zaidi, kwa sababu anatoa alichokiandaa badala ya kukopa ili aonekane anatoa. Matendo ya Mitume sura ya 11 inaeleza jinsi Agabo alivyotabiri njaa, na wanafunzi wa Antiokia, kila mmoja kwa kadiri alivyoweza, wakakusudia kuwapelekea msaada ndugu wa Uyahudi. Walijiandaa kwa habari ya njaa, hawakungoja kuona maiti. Familia inaweza kufanya hivyohivyo: iwe na fungu la kusaidia ndugu, lijulikane kiasi chake, na linapokwisha mwezi huo mtu aseme kwa upole kwamba limekwisha hadi mwezi ujao. Shangazi ataelewa, kama si leo basi mwakani. Akiba isiyo na fungu la wengine ndani yake itamfikisha mtu polepole kwenye ghala la yule tajiri wa Luka, hata kama ilianza kwa nia njema.

Ndani ya nyumba pia kuna kazi. Wanawake wengi huweka akiba kwa siri, kwenye pindo la khanga au kwenye kikoba ambacho mume hakijui, na siwalaumu kwa haraka, kwa kuwa wengi walishaona akiba ya wazi ikigeuzwa bia au ikienda kwa nyumba ndogo. Mume anayesikitika kwamba mkewe anamficha ajiulize kwanza fedha ya mwisho aliyoijua ilikwenda wapi. Lakini mahali ambapo kuna uaminifu, wanandoa wakae Jumapili jioni, robo saa inatosha, watoto wakiwa wameshalala, waambiane kilichoingia na kinachokwenda wapi. Ukweli juu ya fedha ni mgumu kuusema, na wanandoa wanaouweza wanaweza kuzungumza karibu jambo lolote.

Limebaki la mwenye madeni. Huyu husema hana haki ya kuweka akiba hadi amalize kulipa, na wengine humshauri hivyo. Mimi simshauri hivyo. Katika Wafalme wa Pili sura ya 4, mjane wa mmoja wa manabii alimlilia Elisha kwamba mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta. Mafuta yalipojaza vyombo vyote alivyoazima kwa majirani, agizo la nabii lilikuwa na sehemu mbili: auze alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni limetajwa kwanza, na maisha ya baada ya deni yamo ndani ya agizo lilelile.

Kwa hiyo mwenye kausha damu alipe kwanza mkopo wenye riba kubwa kuliko yote, aende kwa mkopeshaji kuomba marejesho yapangwe upya kabla ya kushindwa na si baada, asichukue mkopo mpya kulipia wa zamani. Na Jumamosi usiku atenge 500 kwenye bahasha ya pili, hata kama deni bado ni milioni. Mtoto atakapougua usiku mwezi ujao, dawa za kwanza zitanunuliwa kwa fedha hiyo.